Kwa nini jina la chama halitoshi kumpima Rais wa Marekani

JANUARI 22, 2001, siku mbili baada ya kuapishwa, Rais George W. Bush wa Marekani alirejesha kanuni inayoyanyima fedha za upangaji uzazi mashirika ya kigeni yanayotoa huduma za kuavya mimba, au hata kuwashauri wanawake kuhusu huduma hizo. Nchini Kenya, baadhi ya zahanati zilizotegemea fedha hizo zilifungwa.

Mei 27, 2003, rais huyo huyo alitia saini sheria ya mpango wa dharura wa kupambana na Ukimwi, maarufu kama PEPFAR, ambao uliidhinishiwa dola bilioni 15 kwa muda wa miaka mitano. Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zilikuwa miongoni mwa mataifa yaliyopewa kipaumbele. Dawa za kupunguza makali ya virusi, ambazo hapo awali zilikuwa za wenye uwezo, zikaanza kuwafikia wagonjwa wa kawaida katika hospitali za umma.

Hatua ya kwanza iliwafurahisha wahafidhina wa Marekani na kuwaudhi waliberali. Ya pili, ya kutumia mabilioni ya fedha za umma kuwatibu maskini wa nchi za mbali, ni jambo ambalo kwa kawaida huhusishwa na waliberali. Zote mbili zilitoka kwenye kalamu moja, na zote mbili ziligusa maisha ya Wakenya ambao hawakumpigia Bush kura.

Ndiyo maana swali linaloulizwa kila baada ya miaka minne, Wamarekani wanapomchagua rais, kwamba je, anayeingia ni mhafidhina au mliberali, halina jibu jepesi. Rekodi ya marais wa nchi hiyo inaonyesha kwamba rais mmoja aweza kuwa mhafidhina katika kodi, mliberali katika uhamiaji, na kuwa kitu kingine kabisa katika mambo ya nje. Anayetaka kujua atafanya nini hana budi kutazama zaidi ya jina la chama.

Maana ya maneno yenyewe

Nchini Marekani, mliberali ni mtu anayeamini kwamba serikali ina wajibu wa kuingilia kati ili kupunguza dhiki za raia: kuwatoza matajiri kodi kubwa zaidi, kugharimia matibabu na elimu, na kuwalinda wafanyakazi na mazingira. Katika masuala ya jamii, yeye hutetea haki za makundi yaliyobaguliwa, na hutaka dola isimwamulie mtu maisha yake ya faragha.

Mhafidhina naye hutaka kodi ziwe za chini, serikali iwe ndogo, biashara zisiwekewe masharti mengi, majimbo yajiamulie mambo yao, na mila na maadili ya dini yaheshimiwe.

Msomaji hana budi kutahadhari hapa. Barani Ulaya, neno uliberali aghalabu humaanisha soko huru na serikali isiyoingilia biashara, imani ambayo nchini Marekani imekuwa nguzo ya wahafidhina. Maana ya Kimarekani ilikita mizizi katika miaka ya 1930, Rais Franklin D. Roosevelt alipoitumia serikali kuu kuwaokoa wananchi kutokana na mdororo mkubwa wa uchumi.

Vyama navyo havikuwa hivi tangu jadi. Hadi miaka ya 1960, chama cha Democratic kilikuwa na wahafidhina wengi kutoka majimbo ya kusini waliotetea ubaguzi wa rangi, ilhali chama cha Republican kilikuwa na waliberali wengi kutoka kaskazini mashariki. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, iliyotiwa saini na Rais Lyndon B. Johnson wa Democratic, ilipita kwa kura za wabunge wa pande zote mbili, na asilimia ya Warepublican walioiunga mkono ilikuwa kubwa kuliko ya Wademokrati.

Baada ya hapo, wapiga kura weupe wa kusini walianza kuhamia Republican na vyama vikazidi kutengana. Kwa hivyo, kumlinganisha rais wa 1955 na wa 2025 kwa jina la chama pekee ni kulinganisha vitu viwili vilivyobaki na jina moja.

Kodi na uchumi

Uchumi ndio uwanja ambao wengi hudhani una mpaka ulio wazi. Hata hivyo, rekodi inatatiza dhana hiyo.

Dwight Eisenhower wa Republican, aliyetawala kuanzia 1953 hadi 1961, aliacha kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato kikiwa asilimia 91. Mwaka wa 1956 alitia saini sheria iliyoanzisha mtandao wa barabara kuu za kitaifa, mojawapo ya miradi mikubwa zaidi ya ujenzi wa umma katika historia ya nchi hiyo. Aliyependekeza kodi ile ipunguzwe kwa kiasi kikubwa alikuwa John F. Kennedy wa Democratic, na Johnson aliitia saini sheria hiyo mwaka wa 1964, baada ya kuuawa kwa Kennedy.

Richard Nixon, Mrepublican aliyeingia mamlakani 1969, alikwenda mbali zaidi. Agosti 15, 1971, alizuia bei za bidhaa na mishahara kupanda kwa siku 90. Rais wa Democratic angechukua hatua hiyo leo, bila shaka angeitwa msoshalisti. Nixon pia alipendekeza kila familia maskini yenye watoto ihakikishiwe kiwango fulani cha mapato kutoka kwa serikali, pendekezo ambalo lilikwama katika Seneti. Wakati wa utawala wake ndipo lilipoanzishwa, mwaka wa 1970, shirika la serikali la kulinda mazingira, na ndipo ilipopitishwa sheria ya usalama wa wafanyakazi kazini.

Mdemokrati Jimmy Carter, aliyeapishwa 1977, ndiye aliyeondoa masharti mengi ya serikali katika biashara ya usafiri. Mwaka wa 1978 alitia saini sheria iliyoyaachia mashirika ya ndege uhuru wa kujipangia nauli na safari, na mwaka wa 1980 akafanya vivyo hivyo kwa malori na reli. Alimteua Paul Volcker kuongoza benki kuu mwaka wa 1979, naye Volcker akapandisha riba ili kukabiliana na mfumko wa bei. Uamuzi huo uliuwezesha mfumko kushuka, lakini uliwaumiza wafanyakazi wengi waliokuwa nguzo ya chama cha Carter.

Ronald Reagan, aliyemshinda Carter mwaka wa 1980, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mfano wa rais mhafidhina, na si bila sababu. Katika utawala wake kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilishuka kutoka asilimia 70 hadi 28. Mwaka wa 1981 aliwafuta kazi zaidi ya wasimamizi 11,000 wa safari za ndege waliogoma. Lakini mwaka wa 1982 alikubali kupandisha kodi nyingine ili kuziba pengo la bajeti, na kufikia alipoondoka 1989 deni la serikali kuu lilikuwa limeongezeka takriban mara tatu. Aliyeahidi serikali ndogo aliacha serikali yenye deni kubwa.

Mrithi wake, George H. W. Bush, aliwaahidi wapiga kura mwaka wa 1988 kwamba hangeongeza kodi. Mwaka wa 1990 alikubaliana na bunge la Congress, lililodhibitiwa na Wademokrati, kuziongeza. Wahafidhina wa chama chake hawakumsamehe, naye akashindwa na Bill Clinton mwaka wa 1992.

Clinton alianza kwa kuwaongezea matajiri kodi mwaka wa 1993. Hata hivyo, kufikia 1996 alikuwa ametia saini sheria iliyofuta haki ya familia maskini ya kupata msaada wa fedha bila kikomo cha muda, na kuweka ukomo wa miaka mitano kwa misaada inayogharimiwa na serikali kuu. Mwaka wa 1999 alitia saini sheria iliyoondoa ukuta uliotenganisha benki za kawaida na zile za uwekezaji tangu miaka ya 1930. Bajeti ya serikali yake ilipata ziada kuanzia mwaka wa fedha wa 1998, jambo ambalo Reagan hakulifikia.

Barack Obama naye, baada ya kulaumu kwa miaka mingi jinsi George W. Bush alivyowapunguzia matajiri kodi, alitia saini Januari 2013 sheria iliyofanya sehemu kubwa ya punguzo hilo kuwa la kudumu, isipokuwa kwa wenye mapato makubwa zaidi.

Donald Trump ndiye aliyevuruga ramani zaidi. Mwaka wa 2017 alipunguza kodi ya kampuni kutoka asilimia 35 hadi 21, hatua ya kihafidhina isiyo na shaka. Mwaka uliofuata aliweka ushuru wa forodha kwa chuma, aluminiamu na bidhaa nyingi kutoka China, akaenda kinyume na imani ya biashara huru ambayo chama chake kilikuwa kimeihubiri tangu enzi za Reagan. Joe Biden wa Democratic, aliyemrithi 2021, hakuuondoa ushuru huo dhidi ya China. Mwaka wa 2024 aliuongeza kwa magari ya umeme ya China hadi asilimia 100.

Milango ya wahamiaji

Kwa Mkenya mwenye jamaa huko Marekani, suala la uhamiaji ni la karibu kuliko kodi. Hapa pia mambo si kama yanavyodhaniwa.

Novemba 1986, Reagan alitia saini sheria iliyowapa hadhi ya kisheria wahamiaji takriban milioni 2.7 waliokuwa wakiishi nchini humo bila vibali. Novemba 1990, Bush mkubwa alitia saini sheria iliyoanzisha bahati nasibu ya viza, maarufu kwa Wakenya kama Green Card, ambayo kwa miaka mingi iliwafungulia mlango watu waliotoka katika nchi zisizokuwa na wahamiaji wengi Marekani. Wakenya wengi walioshinda walihamia huko kwa hisani ya sheria ya rais Mrepublican.

Kinyume chake, Clinton wa Democratic alitia saini mwaka wa 1996 sheria iliyorahisisha kufukuzwa kwa wahamiaji na kupanua orodha ya makosa yanayomtia mhamiaji hatarini. George W. Bush alijaribu mwaka wa 2007 kuwahalalisha mamilioni ya wahamiaji, lakini jitihada hizo zilizimwa katika Seneti, huku upinzani mkali ukitoka ndani ya chama chake mwenyewe.

Obama aliwakinga mwaka wa 2012 vijana waliopelekwa Marekani wakiwa watoto ili wasifukuzwe. Katika mwaka huo huo wa fedha, serikali yake iliwafukuza watu zaidi ya 400,000. Naye Biden, aliyeanza kwa kufuta amri nyingi za Trump za uhamiaji, mwaka wa 2024 aliweka vikwazo vikali kwa waombaji hifadhi mpakani mwa Mexico.

Trump, katika mihula yake yote miwili, ameshikilia msimamo mkali zaidi kuhusu uhamiaji kuliko Mrepublican yeyote aliyemtangulia katika nusu karne iliyopita. Hapa ndipo mtu anapoona kwamba kipimo chenyewe kimesogea: msimamo wa Reagan wa 1986 haungemfaa leo mgombea wa chama chake.

Majaji waliowageuka

Njia nyingine ya kumpima rais ni kutazama majaji anaowateua katika Mahakama ya Juu, kwa kuwa hao hukaa maisha yao yote na maamuzi yao hudumu kuliko muhula wake.

Lakini hata hapa marais wamewahi kushangazwa. Eisenhower alimteua Earl Warren kuwa Jaji Mkuu mwaka wa 1953. Mwaka mmoja baadaye, mahakama chini ya Warren iliharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Uamuzi wa 1973 uliotambua haki ya kuavya mimba nchini kote uliandikwa na Jaji Harry Blackmun, aliyeteuliwa na Nixon. Jaji David Souter, aliyeteuliwa na Bush mkubwa mwaka wa 1990, aliishia kupiga kura mara kwa mara pamoja na waliberali.

Kutokana na mafunzo hayo, Warepublican walianza kuwachuja wateule wao kwa makini zaidi. Trump aliwateua majaji watatu katika muhula wake wa kwanza, na wote watatu walikuwa miongoni mwa walioufuta uamuzi wa 1973 mnamo Juni 2022. Katika suala hili moja, rais ambaye hapo kale aliwahi kujitambulisha kama mtetezi wa haki ya kuavya mimba alitimiza lengo ambalo Reagan na Bush wote wawili hawakulifikia.

Sera kuhusu Afrika

Mambo ya nje ndiyo sehemu ambayo mstari wa uhafidhina na uliberali hupinda zaidi.

Mwaka wa 1986, bunge la Congress lilipitisha sheria ya kuiwekea vikwazo serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini. Reagan aliikataa kwa kura ya turufu. Mabunge yote mawili yaliupindua uamuzi wake, ikiwemo Seneti iliyokuwa mikononi mwa Warepublican wenzake. Wahafidhina waligawanyika: kwa baadhi yao, kupinga ukomunisti ndiko kulikotangulia, kwa wengine, ubaguzi haukuwa jambo la kuvumilia.

Mwaka wa 2000, Clinton alitia saini sheria ya AGOA iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila kutozwa ushuru. Viwanda vya nguo katika maeneo maalum ya uzalishaji nchini Kenya vilipanuka kwa sababu hiyo. Biashara huru ilikuwa wimbo wa wahafidhina, lakini aliyeifungulia Afrika mlango alikuwa Mdemokrati, akiungwa mkono na bunge lililoongozwa na Warepublican.

Kisha ikaja PEPFAR ya mwaka wa 2003. Waliomshawishi Bush hawakuwa madaktari na wanaharakati pekee. Viongozi wa makanisa ya kievanjelisti, ambao ni nguzo ya uhafidhina, waliiona kazi hiyo kuwa wajibu wa kidini. Uhafidhina wao uliowafanya wapinge uavyaji mimba ndio uliowasukuma kutaka wagonjwa wa Afrika watibiwe.

Vipimo na kasoro zake

Wasomi wamejaribu kuondoa ubishi huu kwa hesabu. Keith Poole na Howard Rosenthal walibuni katika miaka ya 1980 njia ya kuwapanga wabunge kwenye mstari mmoja kutoka kushoto, walipo waliberali, hadi kulia, walipo wahafidhina, kwa kutazama kura zote walizopiga. Wanaokubaliana mara nyingi huwekwa karibu. Wasiokubaliana huwekwa mbali. Marais nao huwekwa kwenye mstari huo kwa kutumia misimamo waliyoitangaza kuhusu miswada iliyopigiwa kura.

Njia hiyo ina manufaa, kwa maana haitegemei hotuba. Lakini ina mipaka. Humpima rais kwa miswada iliyofika bungeni tu. Vita alivyoanzisha na amri alizotoa peke yake havimo. Aidha, miswada inayopigiwa kura hubadilika kila kipindi, kwa hivyo aliyeonekana kuwa wa katikati mwaka wa 1970 alipimwa kwa maswali tofauti na yale ya mwaka wa 2020.

Vipimo vya wanasiasa wenyewe navyo si vya kuaminika. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kwa baadhi ya wafuasi wa mrengo wa kushoto, Clinton aliwasaliti maskini. Kwa baadhi ya wahafidhina wa wakati wake, alikuwa mliberali wa kutisha. Wote wawili wana ushahidi, kwa kuwa kila mmoja anachagua sheria za kutaja.

Maswali manne ya kuuliza

Badala ya kuuliza rais ni wa mrengo gani, msomaji ananufaika zaidi akiuliza maswali manne.

La kwanza: alitia saini nini, na alikataa nini? Nixon anasifiwa kwa kulinda mazingira, lakini mwaka wa 1972 aliikataa sheria ya maji safi kwa sababu ya gharama yake, na Congress ikaipitisha bila ridhaa yake. Mwaka wa 1971 aliukataa pia mswada wa kugharimia malezi ya watoto wadogo nchini kote. Kutaja upande mmoja wa rekodi yake ni kumzulia sura isiyo yake.

La pili: bunge lilikuwa mikononi mwa nani? Nixon alitawala na mabunge yote mawili yakiwa chini ya Wademokrati. Clinton alitawala miaka sita na Congress ya Warepublican. Sehemu ya uliberali wa Nixon na sehemu ya uhafidhina wa Clinton zilikuwa bei ya kupata chochote kutoka kwa wapinzani wao. Clinton aliikataa miswada miwili ya misaada kwa maskini kabla ya kutia saini wa tatu, miezi michache kabla ya uchaguzi.

La tatu: nyakati zilidai nini? Oktoba 2008, George W. Bush, muumini wa soko huru, aliidhinisha hadi dola bilioni 700 za umma kuziokoa benki zisiporomoke. Hakuwa amebadili imani. Nyumba ilikuwa inaungua.

La nne, na ambalo kwa mataifa kama Kenya lina uzito kuliko yote: je, alichokifanya kinaweza kufutwa na mrithi wake kwa siku moja?

Kinachofutwa na kinachodumu

Kanuni ile ya kuyanyima fedha mashirika yanayohusika na uavyaji mimba ni mfano bora. Reagan aliianzisha mwaka wa 1984. Clinton aliifuta 1993, Bush akairejesha 2001, Obama akaifuta 2009, Trump akairejesha na kuipanua 2017, Biden akaifuta 2021, na Trump akairejesha tena Januari 2025. Kwa zaidi ya miaka 40, muuguzi wa zahanati ya kijijini barani Afrika amelazimika kufuatilia uchaguzi wa Marekani ili ajue kama vifaa vyake vitakuja. Hapa jina la chama linatosha kutabiri, kwa kuwa jambo lenyewe linahitaji saini ya mtu mmoja.

PEPFAR ilijengwa kwa namna nyingine. Ilikuwa sheria ya bunge, iliyoungwa mkono na vyama vyote viwili, na iliongezewa muda mwaka wa 2008, 2013 na 2018 chini ya marais watatu tofauti. Kwa miaka 20 ilionekana kuwa juu ya ugomvi wa mirengo.

Mwaka wa 2023 ugomvi huo uliifikia. Baadhi ya wabunge wahafidhina walidai kwamba fedha zake zilikuwa zikiyanufaisha mashirika yanayounga mkono uavyaji mimba, madai ambayo watetezi wa mpango huo waliyakanusha. Badala ya miaka mitano ya kawaida, Congress iliuongezea mwaka mmoja tu, hadi Machi 2025. Hatua mbili za Bush, ile ya 2001 na ile ya 2003, ambazo zilikuwa zimeishi bega kwa bega bila kugusana, zikawa zimegongana.

Januari 20, 2025, siku ya kuapishwa kwa muhula wake wa pili, Trump aliamuru misaada ya nje isimamishwe kwa siku 90 ili ikaguliwe. Huduma za Ukimwi zilivurugika katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo, na wahudumu wengi wa afya waliambiwa wasifike kazini, hata baada ya Marekani kutangaza kwamba dawa za kuokoa maisha zingeruhusiwa kuendelea. Machi, muda wa idhini ya PEPFAR ulikwisha. Julai 1, 2025, shirika la USAID, lililoanzishwa na Kennedy mwaka wa 1961, likaacha kusimamia misaada ya nje, na majukumu yaliyosalia yakahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani.

Aliyeanzisha mpango huo alikuwa Mrepublican aliyeitwa mhafidhina. Aliyeutikisa alikuwa Mrepublican aliyeitwa mhafidhina. Mkenya aliyesoma jina la chama peke yake hangeweza kujua kwamba wa kwanza angemletea dawa na wa pili angezitia shakani.

Uhafidhina wa Bush uliamini kwamba taifa tajiri la Kikristo lina deni kwa wagonjwa wa mbali. Uhafidhina wa Trump unaamini kwamba fedha za Mmarekani ni za Mmarekani kwanza. Yote mawili yana mizizi mirefu katika historia ya chama hicho, na hakuna kipimo cha mstari mmoja kinachoweza kuyatofautisha.

Kwa wanaopanga bajeti ya afya Nairobi, Kampala au Dodoma, somo la rekodi hii ni la kivitendo. Kilichotolewa kwa amri ya rais kihesabiwe kuwa cha miaka minne. Kilichotolewa kwa sheria kihesabiwe kuwa cha muda uliotajwa katika sheria hiyo, na tarehe yake ya kumalizika iandikwe ukutani. Na chochote ambacho mgonjwa hawezi kukaa siku 90 bila kukipata, nchi yake ijiandae kukinunua yenyewe. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, wahenga walisema, na hawakuuliza kama nduguye huyo ni mliberali au mhafidhina.